Chunusi za Shavu la Kushoto

Bombolulu,
Mombasa.
9 Oktoba 2024.

Mpendwa dada Wardah,

Assalaam aleikum. Naomba Mola barua hii ikukute mzima, mgongo umetulia na joto la huko Maskati limepungua. Huku sote twashukuru. Mume wangu Khamis ana mafua, lakini wamjua, akipiga chafya mbili huanza kuandika wasia.

Najua umekasirika. Wiki tatu simu zako sipokei, na juzi ukaniandikia, "Kama nimekuchosha, niambie." Ujumbe ule uliniliza. Hujanichosha, dada. Kisa ni chunusi, na usicheke kabla hujamaliza kusoma.

Zilianza baada ya Idi, shavu la kushoto: vipele vigumu, vyekundu, vyauma hata vikiguswa na mtandio. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa natoka chunusi kama kigori. Khamis akashuku karanga, nikaacha karanga. Nikaacha mafuta ya nazi, nikaacha na chai ya maziwa, na wajua kwangu huo ni msiba. Mama mkwe akasema ni kijicho, akaniletea kombe, maji yaliyooshewa aya, nikanywa. Jirani akanishauri nipake ndimu, wallahi ilinichoma mpaka nikajuta.

Aliyekata maneno ni Josephine, tunayeshona naye chumba kimoja. Alinitazama nimeibana simu baina ya shavu na bega, nasema nawe, cherehani yaenda, akaniambia, "Mama Habib, hilo shavu la kushoto ni la Wardah. La kulia halina mtu, ndiyo maana ni safi."

Nikenda zahanati. Daktari, binti mdogo mwenye adabu, alisema yawezekana: simu ina joto, uso una jasho, na vyasuguana palepale saa nzima kila siku. Akaongeza kwamba huenda mafuta yamo, na mtandio wa kubana, na mabadiliko ya mwili kila mwezi. Kila mtu na lake. Nisiziminye. Simu niifute, na niiweke mbali na uso.

Kuacha kusema nawe hakuniambia. Hilo nililiongeza mwenyewe. Kukuweka kwenye spika siwezi, maana humalizi dakika mbili bila kumsema Josephine, naye yu ubavuni mwangu. Na kukwambia kwamba ni simu zako zinazoniharibu uso, niliona utaumia, nawe uko peke yako ugenini. Basi nikanyamaza, nikakuumiza zaidi. Nisamehe. Haya hayaandikiki kwenye ujumbe wa simu, ndipo nikampa barua Riyadh, binamu yetu, anayesafiri kuja huko Jumapili. Amechukua na achari yako ya maembe.

Jumatatu nilijitazama kiooni. Shavu limetulia, yamebaki madoa tu. Nilifurahi, nikashika simu nimwambie mtu, nikabaki nimesimama nayo mkononi. Mtu niliyetaka kumwambia ni wewe.

Nipigie, dada. Khamis ameninunulia waya za masikioni za kusikilizia simu. Na chunusi zikirudi, na zirudi. Mashavu ninayo mawili, dada ninaye mmoja.

Khamis, mama mkwe na mwanangu Habib wakusalimu sana. Nisalimie Swabra unayekaa naye. Mola akuhifadhi huko uliko na akurudishe kwetu na afya yako.

Mdogo wako akupendaye,
Barke