Chembe za Buluu Mtaroni

Matisi, Jumanne, mvua imekatika

Na bado simwamini Wafula. Mtu anasaga kreti kuukuu za plastiki nyuma ya nyumba yake, juu kidogo ya mtaro unaopita kwangu, halafu anakwambia "si mimi, mama" kwa sauti ya kanisani. Huyo ni wa kuchungwa.

Leo mvua ilipoanza nilitega kitambaa cheupe mtaroni, kwa sababu maji hayo ndiyo yanaingia kwa mboga zangu za sukuma. Nilipokiinua kilikuwa kimejaa chembe za buluu, ndogo kama pumba. Nikampelekea kikiwa bado kinachuruzika.

Hakubisha. Alichota kiganja cha plastiki yake, akaiweka kando ya zile zangu. Yake ilikuwa nyekundu na manjano. "Sasa Mama Wanjiru, hizi za buluu ni za nani, bana?"

Nikamwambia nyingine amezificha.

Nilirudi nimekasirika. Mahindi tulikuwa tumeingiza, lakini turubai tunaloanikia lilibaki nje. Jua limelila misimu mingi mpaka linamomonyoka ukilishika. Nikalikung'utia mtaroni, kama kila jioni, na viganja vyangu vikabaki vya buluu.

Sikurudi kwa Wafula. Niliketi nikiwaza lile gunia la mahindi nililompelekea Wanjiru huko Bungoma alikoolewa. Jana alipiga simu kushukuru. Ati mtoto ameanza uji, na huo wa mahindi yangu hata hautemi.