Kwa Nini Kefa Hakurudi Mdandu

Makambako,
12 Julai

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute unapumua vizuri, na kile kikohozi cha baridi kimepungua. Mama ameanza kula? Mimi mwili hauna ugonjwa. Naandika kwa sababu mara tatu nimekupigia simu, na mara zote nimeishia kuuliza habari za mahindi.

Tangu tumzike Kefa nimerudi pale stendi. Ile shahada ya utawala uliyoikatia na kuuza shamba zima la miti ya misindano bado iko kwenye bahasha. Nasajili laini za simu chini ya mwavuli.

Juzi nilikwenda kwenye nyumba aliyofia mdogo wangu. Mwenye nyumba, Mama Nelly, alinionyesha dari huku analia. Alisema Kefa alizima swichi kubwa, akapanda juu kufunga nyaya, akiimba. Hakujua kwamba waya mmoja ulikuwa umeungwa kutoka kwa jirani, bado una umeme. Fundi Haruni, aliyesomea umeme chuo cha ufundi, alikuwepo. Nilimuuliza kama ni bahati mbaya tu. Akasema, "Dada, sisi chuoni tulifundishwa kupima kila waya kwa testa kabla ya kuugusa, hata kama umeme umezimwa. Kefa alikuwa na mikono mizuri kuliko mimi. Ila kazi alijifunza kwa kutazama."

Baba, siku ya mazishi uliniuliza kwa nini Krismasi tatu Kefa hakuja nyumbani Mdandu, ulimkosea nini. Nilikujibu sijui. Nilidanganya.

Mwaka ule nilipopata nafasi chuo kikuu, Kefa naye alichaguliwa chuo cha ufundi. Alinipa fomu nikuletee utie saini, maana alikuogopa. Niliificha. Niliona fedha ya misindano itamtosha mmoja wetu, nikajiambia ufundi mtu hujifunza popote. Nikamwambia umekataa, umesema huwezi kupoteza fedha kwa kazi ya kushika bisibisi. Maneno hayo niliyatunga mimi. Aliyaamini mpaka anakufa.

Hukumnyima kitu, Baba. Hukuulizwa.

Nisalimie Mama, na Mchungaji Yonathani aliyesimama nasi kaburini. Mama msomee barua hii yote, usimfiche. Jumamosi nitakuja. Nitasimama uani mpaka mniambie niingie, au niondoke.

Mwanao,
Aneth