Treni Yenye Makengeza

Jumatatu, 9 Agosti 1976

Sketi za shule tena. Kiuno, pindo, kiuno, pindo. Baridi ya Mbeya imeingia mpaka kwenye chuma cha cherehani.

Mwanangu Sekela kabandua kiraka kabla ya chai. Nimebandika kingine, kabandua. Cha tatu nimekikuta kwenye jicho la mbuzi. Mimi nakiita kiraka, lakini ni pamba na plasta tu. Daktari wa macho kule Iringa alisema tuzibe jicho la kulia, lile zima, ili la kushoto lilazimike kufanya kazi. La kushoto linatazama pua na limeanza kulala. Turudi mwanzoni mwa Novemba. Likiwa halijaamka mpaka hapo, alisema, kuliamsha tena itakuwa vigumu.

Mtoto ana miaka minne. Naogopa. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 12 Agosti

Muuguzi wa kule Iringa alisema mtoto apewe vitu vidogo vinavyotembea, avifuate kwa jicho hilo. Nimejaribu shanga, nimejaribu vifungo, nimejaribu hata sisimizi. Hataki. Anataka treni. Baba yake, Ambokile, anafanya kazi stesheni, na tangu reli ianze mtoto huyu anaacha uji akisikia honi.

Leo mama mkwe kaja na habari. Mzee anamchongea mjukuu wake treni ya mbao. Tena yenye uso, maana Sekela kamwambia babu yake kwamba treni ina uso. Nikapata wazo hapo hapo, sufuria mkononi. Iwe na macho yanayogeuka. Mtoto atakaa aseme inatazama wapi.

Tatizo ni fundi wa uso. Mimi ni Mbena wa Igowole, nimeolewa kwa Wanyakyusa, na hapa mke wa kijana hamwangalii baba mkwe wake. Hamsemeshi, hataji jina lake, hakai naye chumba kimoja. Nikisikia kikohozi chake njiani naingia jikoni. Huu mwaka wa sita. Namjua kwa kikohozi na kwa kishindo cha viatu. Kwetu mkwe tunamheshimu sana, lakini walau tunamwona.

Jumapili, 15 Agosti

Baada ya kanisa nimefungua tumbo la cherehani kuangalia. Mambo yote yamo mle. Gurudumu linazunguka, chuma kilichopinda kinageuza mzunguko kuwa nenda rudi. Ndicho ninachotaka.

Basi hivi. Ekseli ya mbele naipinda katikati. Waya unashika pale palipopinda na kusukuma jicho la kulia. Kila jicho limesimama juu ya msumari na lina mkia kwa nyuma. Mikia miwili inaunganishwa kwa fimbo moja, jicho moja likienda na mwenzake anafuata. Treni ikivutwa macho yanakwenda kushoto, kulia, kushoto.

Macho yenyewe ni mipira ya tenisi ya meza. Mafundi wa Kichina walimwachia Ambokile kopo zima walipoondoka. Tulikuwa tunaitunza kwa ajili ya kopo tu, sasa mipira imepata kazi.

Jumanne, 17 Agosti

Fimbo lazima ilingane na nafasi iliyopo kati ya matundu ya macho. Nimepima kwa futi, inchi tatu kamili. Nikampa mama mkwe ujumbe ampelekee mzee. Mama mambo ya inchi hayapendi. Akaweka vidole vyangu kwenye futi akaona vinne vinatosha, akasema basi, upana wa mkono bila gumba, hilo halisahauliki. Nikakubali. Ni kweli halisahauliki.

Jumamosi, 21 Agosti

Kiraka kinakaa muda wa nyimbo mbili za redioni, halafu vita. Leo kanipiga teke. Nimemshika mikono nikabandika kwa nguvu, akalia, nikalia. Ambokile katoka nje kuangalia mbuzi. Mwanaume akishindwa huenda kuangalia mbuzi.

Jumamosi, 28 Agosti

Treni imefika, na uso wake. Sikutegemea. Mashavu ya mviringo, mdomo unaotaka kusema kitu, rangi nyekundu na kijani. Baba mkwe ana mkono mzuri, lazima niseme.

Nikafunga ekseli, nikaingiza macho niliyotengeneza. Fimbo ilikuwa ngumu kidogo kuingia, nikaisukuma. Nikageuza treni kuitazama.

Jicho la kulia liko sawa. La kushoto linatazama pua.

Nilikaa chini. Treni ina makengeza. Jicho lile lile, upande ule ule. Kamchonga mwanangu. Mtu mzima, mjukuu wake mwenyewe, kamfanya kichekesho cha mbao na kukipaka rangi. Na mimi siwezi hata kwenda kumuuliza, maana nitamuuliza vipi mtu ambaye siruhusiwi kumwona?

Jumapili, 29 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimegombana na Ambokile. Anasema baba yake hawezi kufanya hivyo. Nikamwambia basi niletee anayeweza. Akaenda kuangalia mbuzi.

Treni nimeiweka juu ya kuni. Kesho napika nayo maharage. Nina hasira mpaka nimeharibu pindo la sketi ya watu.

Jumatatu, 30 Agosti

Maharage yamepikwa kwa kuni nyingine.

Nilitoka kuchota maji. Niliporudi, Sekela kaketi sakafuni jikoni na treni mapajani. Wamekazana kutazamana, pua kwa pua. Nikajiandaa kwa kilio. Akaniangalia akasema, taratibu kabisa, "Mama, na hii inaumwa kama mimi."

Halafu akaniagiza nilete kiraka. Nikamletea, nikidhani chake. Akakibandika kwenye jicho la kulia la treni. Akanyoosha uso wake na yeye abandikwe. Hivyo tu. Vita vyote vile, halafu hivyo tu.

Kakaa nacho mpaka jioni. Anavuta treni kwenye kamba, anainama, anatangaza. Inaangalia mlango. Inaangalia kuku. Inaangalia mlango. Nimemwacha avute mpaka magurudumu yakawa ya moto. Sijui nicheke au nimwombe Mungu samahani. Nimefanya yote mawili.

Jumatano, 1 Septemba

Ukweli umejulikana, na mimi nimeumbuka.

Mama mkwe kaja, kaona treni, kashika kiuno. Nikammwagia yote, hasira na machozi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama najua mzee ana vidole vingapi mkono wa kushoto.

Sijui. Ningejuaje?

Kumbe kidole cha mwisho kilikwenda na msumeno zamani, Ambokile akiwa bado hajazaliwa. Mzee kaambiwa upana wa mkono bila gumba, akaweka mkono wa kushoto juu ya mbao, wa kulia ukashika penseli. Vidole vitatu. Matundu yakakaribiana, fimbo yangu ikawa ndefu, ikausukuma mkia wa jicho nje, na jicho likageukia pua. Nyumba nzima inajua habari ya kile kidole isipokuwa mimi. Mama mwenyewe alisahau, kwa kuwa amekizoea.

Ambokile katutania muda wote wa chakula. Kidole kimoja hakivunji chawa, anasema, lakini kikikosekana kinapinda macho. Nimemwambia ale anyamaze. Moyoni nilikuwa mwepesi. Baba mkwe hakumcheka mwanangu. Nilikuwa sijui jambo hili limeniumiza kiasi hiki mpaka lilipoondoka.

Jumamosi, 4 Septemba

Mzee kasikia. Mama kamweleza, na kwa bahati mbaya kamweleza pamoja na habari ya kuni. Leo katuma kwa Ambokile kipande cha spoki ya baiskeli na nati yake ndogo ya ncha. Hakutuma neno.

Sikuhitaji neno. Spoki ndiyo fimbo. Ukikaza nati, fimbo inafupika, jicho linatoka puani. Ukilegeza, linarudi. Nimeifunga saa hiyo. Nilitaka niikaze mpaka macho yanyooke, Sekela akaishika treni kifuani akakataa. Haijapona, anasema. Haiwezi kupona leo.

Tumekubaliana. Siku akikaa na kiraka mpaka jioni, nati inakazwa kidogo. Akikibandua, inalegezwa. Yeye mwenyewe ndiye hakimu.

Jumatatu, 20 Septemba

Kachungulia kupitia pembeni ya plasta. Nilimwona, sikusema. Jioni kaleta treni mwenyewe, kalegeza nati, akalia sana. Nimembembeleza. Sikumwambia kwamba na mimi niliibia leo, nilimruhusu akae bila kiraka wakati wa kula.

Ijumaa, 8 Oktoba

Joto. Vumbi la Mbeya limeingia kwenye ekseli, macho ya treni yakagoma katikati, yakakodoa. Nimesafisha, nikatia mafuta ya cherehani. Mtoto alisimama nyuma ya bega langu kama msimamizi wa barabara.

Jambo moja. Alikuwa na kiraka, na aliona tone la mafuta lililodondoka sakafuni kabla yangu. Tone dogo. Sitaki kulitegemea. Nimeliandika tu.

Jumapili, 31 Oktoba

Kesho safari ya Iringa, tukipitia kwetu. Macho ya treni yamenyooka karibu kabisa. Ya mtoto sijui. Makengeza yapo, nikimtazama nayaona. Sili vizuri. Mama mkwe kanifungia ndizi za njiani na kuniombea Kinyakyusa, sehemu nyingine sikuzielewa lakini nimeitikia amina.

Jumatatu, 1 Novemba. Igowole.

Tumeshuka basi Mafinga, tukapata lori la mbao mpaka nyumbani. Mama yangu kanipokea kwa kamwene, salamu ya kwetu, na kuniuliza kwa nini nimekonda. Treni nayo imekuja. Watoto wa hapa wamepanga mstari kuivuta. Sekela kawatoza: mwenye zamu lazima afumbe jicho moja.

Jumatano, 3 Novemba. Iringa.

Limeamka.

Naandika kwenye benchi la hospitali ya misheni, mtoto kalala mapajani. Daktari kaziba jicho la kulia kwa mkono wake mwenyewe, asiibiwe. Akaonyesha kadi za picha kutoka mbali. Kuku. Kiti. Jembe. Zikawa ndogo, zikawa ndogo zaidi. Mara ya kwanza Sekela alikosea hata kadi ya kwanza kabisa. Leo kakosea za mwisho tu, na moja nami nilikuwa siioni.

Atavaa miwani, kiraka kiendelee saa chache kwa siku. Makengeza kidogo yatabaki mpaka aizoee miwani, labda na baada yake. Sawa. Yabaki. Jicho linaona.

Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Sekela akaomba treni, akalegeza nati kidogo. Imebaki kidogo, anasema, kama mimi.

Jumapili, 7 Novemba. Mbeya.

Mvua ya kwanza alfajiri, halafu jua. Nilikuwa nasonga ugali niliposikia kikohozi. Mzee kaja kumwona mjukuu. Nikasogea nyuma ya mlango wa jikoni kama kawaida. Wakamwekea kigoda uani.

Sekela akaanza kuivuta treni, kutoka kwa babu mpaka mlangoni kwangu, kutoka kwangu mpaka kwa babu. Macho yanakwenda huku na huku. Mama mkwe akasema ndaga fijo, asante sana, kwa Mungu, mara nyingi, kwa sauti ndogo.

Mzee akamwambia mtoto, polepole, nisikie: mwambie mama yako mashine yake ni nzuri. Mtoto akaja kuniambia, ingawa ni hatua chache. Nikamnong'oneza: mwambie babu, uso wake ni mzuri. Wa treni, bila shaka. Nilidhani imeeleweka.

Akakimbia katikati ya ua, akapaza sauti mpaka jirani asikie. "Babu, mama anasema uso wako ni mzuri!"

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee kakohoa. Kakohoa tena, na tena, na ndipo nikatambua kwamba siyo kikohozi, anacheka. Miaka yote hii sikuwahi kukisikia kicheko chake. Ni kicheko kizuri, kinaanza chini halafu kinapanda. Mama mkwe naye akaangua kicheko, na mimi nimebaki nyuma ya mlango na mwiko mkononi, nacheka bila sauti, mpaka ugali ukashika chini.