Dakika Sitini kwa Kila Nyumba

Jumatatu, 10 Agosti 1987
Siku ya tisa ya ndoa. Nimejaza karatasi nzima na jina langu jipya — Bi. Ndila Muthama. Leo tena amenipeleka mtoni kwa baiskeli, mimi mbele kwenye chuma, mitungi nyuma. Wanaume wa Kanyangi walimcheka: mwalimu gani huchota maji? Yeye akapiga kengele tu. Natamani mto ungekuwa mbali zaidi.

Alhamisi, 13 Agosti 1987
Kalondu, mwenyekiti wa akina mama, ameleta fomu za mradi wa maji. Nyumba thelathini na nne, na kwa kila nyumba: dakika za kwenda mtoni na kurudi. Zitaingizwa kwenye kompyuta huko Kitui, nayo impangie mkurugenzi vijiji, ajue visima vichimbwe wapi kwanza. Amenipa mimi kwa sababu nimesoma shule hadi fomu foo. Nipite kila nyumba nikiuliza.

Muthama alikuwa ananingoja na chai. Sikupita. Nimeandika sitini, mara thelathini na nne. Ndio muda wetu wa baiskeli, kwa saa yake ya mkononi.

Jumanne, 8 Septemba 1987
Muthama amerudi Malili kufundisha. Ameenda na baiskeli. Shati lake nimelala nalo.

Leo nimeenda mtoni kwa miguu na mama mkwe wangu, Syokau. Kamba ya ngozi kwenye paji la uso, mtungi mgongoni. Saa moja kwenda. Saa mbili kurudi. Nilipumzika mara saba; yeye mara moja, kwa ajili yangu.

"Bibi ya mwalimu, leo ndio umeolewa," akasema. Wanawake wakacheka. Mimi nikawaza ile sitini.

Kesho nitamwambia Kalondu.

Ijumaa, 2 Oktoba 1987
Sikumwambia.

Naibu wa chifu amesoma orodha ya kompyuta. Vijiji arobaini na tatu, visima kumi. Sisi ni wa arobaini na moja. Anasema mkurugenzi hawezi kuzunguka kila mahali, anafuata karatasi ya mashine.

"Hiyo mashine imewahi kubeba mtungi?" Syokau aliuliza. Wote wakaitukana mashine. Nami nikaitukana. Sijui uso wangu ulikuwaje.

Wamechagua mtu wa kwenda Kitui na Kalondu kuibishia. Mimi. Eti nimesoma.

Jumanne, 6 Oktoba 1987
Kitui. Benchi nje ya ofisi ya mkurugenzi.

Karani ametoa fomu yetu. Mashine haitungi kitu, amesema, inapanga ilichopewa. Wachimbaji wanatoka kesho. Mkurugenzi anaweza kubadilisha leo, lakini aliyejaza aje aeleze mwenyewe, mbele ya mtu wa kijiji.

"Nani alijaza?"

Kalondu akanishika bega. "Huyu. Bibi ya Mwalimu Muthama. Huyu hakosei."

Mlango bado umefungwa. Kalondu hajui kusoma. Anaangalia kalamu yangu inavyokwenda, anauliza naandika nini. Nimesema ni yale nitakayomwambia mkurugenzi.

"Basi nisomee kwanza, mwanangu," amesema. "Nijue pa kuitikia."

Amefumba macho, kama kanisani. Nimefungua ukurasa wa Agosti. Anangoja —