Haragi Nyeupe ya Butembo

Butembo, tarehe 18 mwezi wa pili 2024

Mama Shekinah,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na mtoto na mama yako. Mimi niko mzima, isipokuwa bega la kuume, na hilo unalijua. Shekinah anakohoa bado? Mguu wa mama umepungua? Kama barua hii imefika kavu, umshukuru Grady, kwa sababu kamiyo yake haina turubai na barua zangu anazibeba ndani ya shati.

Naandika kwa kuwa kwenye simu ya jirani yako Eliane siwezi kusema kitu. Kila nikipiga nasikia wanawake wote wa uani wakipumua.

Nimepata chumba. Si kile cha zamani cha kulala watu sita. Ni cha matofali, mabati hayavuji, na robine iko hapo hapo uani, utachota maji ukiwa na kandambili. Mwenye nyumba ni mzee wa kanisa, hapigi kelele.

Kazi ni ile ile ya depo. Tunashusha sukari, tunapandisha haragi, tunashusha simenti. Usiku nikilala mwili unaendelea kupandisha mifuko. Hilo naweza kulivumilia. Lakini tangu tulipokimbia Mangina, mimi niko huku na wewe uko kule, na sahani yangu naiosha mwenyewe. Nimechoka, Mama Shekinah. Pasaka nataka mje, mkae.

Ni mimi,
Baba Shekinah


Beni, Ruwenzori, tarehe 28 mwezi wa pili 2024

Baba Shekinah,

Wasingya, asante kwa barua, imefika kavu. Sisi tuko, kwa neema. Shekinah hakohoi tena, sasa ugonjwa wake ni kuuliza maswali. Mguu wa mama uko vile vile. Bega lako ulipake mafuta ya moto, usimngoje mtu wa kukukumbusha.

Chumba nimekisikia. Nimekisoma mara mbili, ile sehemu ya kandambili mara tatu. Lakini ngoja nikueleze ya hapa kwanza.

Robine ya kartiye, ya mtaa wetu mzima, haifunguki. Éliakim, prezida wa kamati ya maji, anatembea na ufunguo mfukoni. Anafungua saa anayopenda, na wa kwanza kuchota ni shemeji zake. Sisi wengine tunashuka kijitoni, kule chini ya mashamba ya kakao, kabla jua halijatoka. Wiki iliyopita Débora alishuka, yule aliyeuza mihogo mbele ya kanisa. Hakurudi. Watu wa porini, wale waasi, walikuwa wamepita. Tulikuta bidoni zake mbili za maji njiani, moja imejaa.

Sasa kartiye imesema kamati ichaguliwe upya. Unakumbuka safari ile Éliakim alivyopita? Walisimama watano, sisi tusiomtaka tukagawanyika kwa wale wanne, yeye akashinda kwa shemeji zake tu. Wengi hawakumtaka, lakini hapakuwa na mahali pa kusema hivyo. Mwalimu Octave, yule wa serikali aliyeletwa kutoka Kasai, ametupa njia nyingine. Kila mgombea atakuwa na kitunga chake nyuma ya pazia la kikwembe. Kila nyumba ina punje moja tu, ya mahindi au ya maharagwe. Ukimtaka mtu, unatia punje ya muhindi ndani ya kitunga chake. Kama yuko mtu ambaye humtaki kabisa, unatia haragi ndani ya kitunga cha huyo. Mwisho wanahesabu mihindi, wanaondoa haragi, kinachobaki ndicho cha mtu.

Wamesimama watatu: Éliakim, mzee Maliro wa matofali, na mimi.

Usikasirike. Wanawake walinisukuma, kisha nikaona nimesimama kwa miguu yangu. Lakini nyumba yetu imeandikwa kwa jina lako, donc punje ni yako, mimi sina. Aliye mbali anaruhusiwa kutuma yake ndani ya barua. Nitumie muhindi mmoja. Nikishinda nitakaa na ufunguo miaka miwili, hakuna atakayeshuka tena gizani.

Mimi wako,
Mama Shekinah


Butembo, tarehe 10 mwezi wa tatu 2024

Mama Shekinah,

Salamu. Bega nimelipaka. Namshukuru Mungu kwa kifua cha mtoto. Kwa ajili ya Débora nimelia, sikuficha, wenzangu wa depo wameniona.

Lakini wewe ni mtu wa namna gani? Unaniandikia bidoni mbili njiani, halafu unaniomba kura ya kukufanya ukae hapo hapo miaka miwili. Kila Grady akishuka kwenye kamiyo naangalia uso wake kwanza kabla ya mikono yake.

Mimi ni mtu wa kusema wazi, shule yangu haikunifikisha kwenye maneno ya kuzunguka. Ndani ya karatasi hii kuna haragi moja. Utaitia ndani ya kitunga chako wewe.

Sisemi huwezi. Unaweza kumpita Éliakim na shemeji zake wote, na ufunguo mikononi mwako hautalala mfukoni. Hilo ndilo linaloniogopesha, watakuchagua. Mimi sina njia nyingine ya kukuvuta kutoka hapo. Njia hiyo Mwalimu Octave ameniletea mwenyewe, naitumia.

Unaweza kuibadilisha, sitajua. Nimekutumia wewe kwa sababu sina mwingine ninayemwamini.

Chumba kinakungoja. Nimenunua kitanda.

Mimi mume wako,
Baba Shekinah


Beni, tarehe 25 mwezi wa tatu 2024

Baba Shekinah,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na bega linakuacha ulale. Sisi tuko salama. Mama amekusalimu huku akicheka, na sababu utaiona chini.

Uchaguzi ulifanyika Jumamosi, kwenye kiwanja cha kanisa. Pale mlangoni palikuwa na sahani mbili kubwa, moja ya mihindi, moja ya haragi, kila mmoja anachukua yake na kuifunga ndani ya ngumi. Mimi haragi yako ilikuwa tayari ndani ya ngumi, imelowa jasho. Nilipopita karibu na sahani mkono wangu mwingine ulichukua muhindi. Nisikufiche. Niliingia nyuma ya kikwembe nikiwa na punje mbili, moja yako na moja ya wizi.

Nikasimama. Nikakumbuka mwaka ule wa Ebola, tulipoambiwa Beni na Butembo tungoje, kura yetu itakuja nyuma, na huko kwingine wakapiga, wakahesabu, wakamaliza bila sisi. Wewe ulikaa kwenye kizingiti siku nzima bila kula. Ulisema, "Hata kama ningesema hapana, si wangenisikia tu?" Sasa hapana yako ilikuwa mkononi mwangu. Nikiitupa, mimi na wale tuna tofauti gani? Nikaitia ndani ya kitunga changu. Ule muhindi niliurudisha kwenye sahani, Mwalimu Octave akaniona.

Lakini, Baba Shekinah, haragi gani ile uliyotuma? Ulichota kwenye mifuko ya depo, si hivyo? Huku haragi zote zilikuwa zile nyekundu ndogo. Walipomwaga kitunga changu juu ya mkeka, mihindi ikatawanyika, haragi nyekundu chache za shemeji za Éliakim, na katikati moja nyeupe, kubwa, imenona kama jino la ng'ombe.

Eliane aliiokota. "Hii hapana ya hapa," akasema. "Hii ni ya mulima, ya Butembo. Nani iko na bwana Butembo?"

Kiwanja kizima kikanigeukia. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Éliakim akasimama, akasema kwa sauti ya kuhubiri, "Munaona? Hata bwana yake hamutake. Sisi tutamutaka namna gani?"

Kicheko kikakatika. Nikaona nikinyamaza nimekwisha. Nikamwambia, "Bwana yangu ananitaka kupita ninyi bote. Anataka niende nikae naye. Ile haragi ni ya kuniita nyumbani."

Mzee Maliro, ambaye ni mshindani wangu, ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Wakahesabu. Éliakim alikuwa na mihindi mingi kutupita sisi wawili, lakini haragi zake zilikuwa nyingi kuliko mihindi yake. Alikuwa na uso wa mtu aliyemwagiwa maji. Maliro alifuata. Mimi nilimpita Maliro kwa punje moja. Ungetuma haragi tatu, ningekuwa kwenye kamiyo ya Grady sasa hivi.

Ufunguo ninao. Ni mdogo, nilidhani ni mkubwa.

Pasaka siwezi kuja. Sijui niandike nini kuhusu kitanda.

Mimi wako,
Mama Shekinah


Beni, tarehe 23 mwezi wa nne 2024

Baba Shekinah,

Nakusalimu. Uko mzima? Grady amepita mara tatu, na kila mara anafungua mikono kunionyesha kuwa haina kitu. Anasema anakuona depo, unapandisha mifuko, unasema "nitaandika" na unageuka.

Nikupe habari ndogo tu. Robine naifungua jua likiwa limetoka, kila asubuhi, na tena alasiri. Kila nyumba inachota kwa zamu, shemeji za Éliakim pia wana zamu yao. Tangu siku ile hakuna mtu aliyeshuka kijitoni. Njia imeanza kuota majani. Mtoto wa Débora, Christa, anakula kwetu, yeye na Shekinah wanagombana kama ndugu.

Siku ya Pasaka nilipika sombe na samaki. Shekinah aliuliza kama unakula peke yako. Nilimwambia aulize kitu kingine.

Kama umekasirika, niandikie hasira. Kama umempa mtu mwingine kitanda, niandikie hilo pia.

Mama Shekinah


Butembo, tarehe 14 mwezi wa tano 2024

Mama Shekinah,

Salamu kwako, kwa mama, kwa Shekinah, na kwa Christa ambaye sasa ni wetu. Mwili uko salama. Unisamehe kimya, nitakueleza.

Watu wa Beni walio huku walipata habari kabla ya barua yako. Madereva hawana siri. Depo nzima inaniita Haragi. "Haragi, shika mufuko." "Haragi, bibi yako ni prezida, leo unatununulia chai." Kambere, yule ninayebeba naye, anaweka haragi moja juu ya kofia yangu kila asubuhi. Hiyo niliizoea.

Siku ya Pasaka nilifagia chumba, nikakaa juu ya kitanda. Nilikuwa na hasira juu yako, si kwa kushinda. Hasira yangu ilikuwa kwamba umeitia kweli. Nilijiuliza, mwanamke gani anajitilia hapana kwa mkono wake? Kama ungeibadilisha ningekuwa na neno la kukusuta, ningesema hukunisikiliza. Uliniacha bila neno.

Nilikaa na jambo hilo wiki nyingi, nikiwa chini ya mifuko. Mwishowe nikaona hivi. Wewe neno langu ulilibeba mpaka ndani ya kitunga, ijapokuwa lilikuwa juu yako, na Éliakim akakucheka kwa ajili yake mbele ya watu. Mimi lako sikulibeba hata hatua moja. Uliniandikia Débora, nikakujibu chumba.

Woga wangu haujaisha, nisidanganye. Nikisikia neno Beni kwenye redio nasimama na mfuko kichwani. Lakini kuogopa kwa ajili yenu nikiwa huku hakujawahi kuwalinda. Na mtu anayefungua robine jua likitoka anahitaji mwingine wa kusimama karibu naye.

Chumba nimempa Kambere, anaoa. Kitanda nacho. Patron wa depo nimemwambia, amesema mwezi ukiisha niende. Mifuko iko hata Beni, na bega halichagui mji.

Ndani ya karatasi hii kuna muhindi mmoja. Najua uchaguzi umekwisha. Hata hivyo.

Unieleze tu kama naweza kuja, na kama kwenye foleni ya maji mume wa prezida anasimama wapi.

Baba Shekinah


Beni, tarehe 19 mwezi wa tano 2024

Baba Shekinah,

Tuko wazima sote, na wewe endelea hivyo hivyo mpaka utakapofika.

Muhindi umefika. Nilimwonyesha Mwalimu Octave, akavua miwani, akasema sheria ni sheria, hauwezi kuhesabiwa. Nikamwambia sikuuleta uhesabiwe. Nilipoanza tena kusoma barua yako, Shekinah alikuwa amekwisha kumpa kuku.

Ile nyeupe Eliane anayo. Ameifunga kwenye pembe ya kikwembe chake, anakungoja. Ujitayarishe.

Kwenye foleni utasimama nyuma ya yule aliyefika kabla yako. Kazi ya kamati siwezi kukupa, watu watanitilia haragi, na watakuwa na haki.

Uje na kamiyo ya Grady, mchana, usije na pikipiki jioni. Barua hii usiijibu. Bidoni yako nimeijaza, iko nyuma ya mlango.

Mimi wako,
Mama Shekinah