Gari la Sadiki Bado Liko Uani

Ng'ambo,
Tabora.
14 Septemba, 2024

Mpendwa wifi yangu Shamila,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na Saidi na watoto, na kwamba lile joto la Maskati limeanza kuwahurumia. Mgongo wako je, umepata nafuu? Sisi huku ni wazima. Binti yetu Najiat karudi chuoni Dodoma. Shangazi yenu Bi Maua bado yuko nami, anailinda eda yangu kama askari wa zamu, na magoti yake hayajambo kiasi.

Usishangae kupata karatasi wakati simu zipo. Simu sizitaki siku hizi. Kila anayepiga ananiuliza najisikiaje, nami sina la kumjibu, basi tunabaki kusikilizana pumzi mpaka salio lake linaisha. Abasi wa jirani anarudi huko wiki hii. Nimempa barua hii pamoja na chupa ya asali, ya mwisho aliyoileta marehemu kaka yako Sadiki kutoka vijijini.

Wewe uliniuliza kwa moyo, kwa hiyo nakujibu. Nimekufa ganzi. Chakula nakula, usingizi nalala, naswali kwa wakati. Watu wananisifu kwa subira. Si subira, wifi. Tangu siku ile sijatoa chozi, na nikijitafuta ndani sioni kitu.

Uliniomba pia picha ya kaburi lake. Sina. Walimzika kwenu Igalula, sisi wanawake tukabaki nyumbani, kisha eda ikanifunga. Ila nilijiwekea nia moja: siku nitakayotoka eda niende Igalula kwa gari lake, nikiliendesha mwenyewe. Leseni ninayo tangu zamani, ingawa Sadiki hakunipa usukani hata mara moja; alisema gari lile lina mambo yake. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakitaka duniani. Kwa hiyo lilipokataa kuwaka, niliogopa.

Unalikumbuka, ile Corolla nyeupe inayonuka nta ya asali mpaka kwenye viti. Siku ile aliliegesha uani mwenyewe, akachelewachelewa humo ndani kama kawaida yake, akaja akaomba maji. Niliporudi na kikombe alikuwa ameshatutoka. Gari halikuguswa tena hadi Najiat alipojaribu kuliwasha kabla ya kurudi chuoni.

Vijana wa mtaani walikuja kulisukuma hadi gereji, nikawakatalia. Sikutaka litolewe kama mzoga pale alipoliweka. Nilitaka litoke linanguruma. Basi nikamwita fundi Damas, yule Mkatoliki wa Itetemia aliyekuwa akilitengeneza miaka yote, naye Bi Maua akamzuia mlangoni. Mwanamume asiye ndugu haingii kwenye nyumba yenye eda. Damas hakubishana. Aliomba kigoda, akakaa nje ya ukuta.

"Shikamoo bibi. Basi sauti yangu iingie, mimi nibaki huku."

Bi Maua akafikiri kwanza, ndipo akaitikia marahaba.

Betri ilikuwa imekufa kabisa. Niliifungua kwa maelekezo, nikaiburuta hadi mlangoni, Damas akaenda kuichaji, kesho yake akairudisha. Mimi nikawa chini ya boneti na Bi Maua kwenye usukani. Maishani mwake alikuwa hajawahi kushika ufunguo wa gari. Damas akisema piga stata, mimi narudia, naye anasoma bismillahi mpaka mwisho kabla hajazungusha. Injini ilizunguka vizuri, lakini haikushika moto.

"Toa plagi moja, mama," Damas akasema. "Inuse. Ina petroli?"

Ilikuwa kavu.

"Mwambie bibi afungue swichi tu, asipige stata. Wewe weka sikio kwenye kiti cha nyuma, juu ya tangi. Pampu inalia?"

Sikusikia chochote. Petroli ilikuwamo ndani ya tangi, tulikuwa tumepima kwa kijiti. Fyuzi ya pampu nilimpitishia chini ya mlango, akaitazama akasema ni nzima.

"Mama, samahani. Umeme haufiki kwenye pampu. Marehemu hakuweka swichi ya siri? Kwangu hakuiweka, ila wengi wanaenda kwa mafundi umeme, kwa ajili ya wezi."

Nilimjibu kwa ukali ambao sikujua bado ninao. Nikamwambia siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi. Sadiki hakuwa na siri na mke wake. Damas akasema, "Sawa, mama," akaaga kwenda kula.

Bi Maua aliingia ndani kuswali adhuhuri. Nikaenda kukaa kwenye kiti cha kaka yako. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa sijawahi kukaa pale, na miguu yangu haikufika kwenye pedali. Nikakumbuka alivyokuwa akiinama kila mara kabla ya kuwasha, na tena akishaegesha. Nikimtania, "Na gari nalo unalisujudia?" anacheka, ananiambia, "Navua viatu." Nikiwa sina la kufanya, nikainama kama yeye. Bega likagusa usukani, mkono ukashuka kati ya kiti na mlango, na kule chini, ndani ya zulia, kidole kikakutana na kitufe kidogo.

Nikakibonyeza. Nikafungua swichi, na nyuma yangu pampu ikalia. Nikapiga stata, gari likawaka.

Nilizima. Nikakibonyeza tena, gari likakataa. Nikakibonyeza mara nyingine, likawaka. Hapo sikuwa na shaka tena.

Wifi, kitu cha kwanza kunirudia kilikuwa hasira. Nilimwambia kwa sauti, "Hata mimi, Sadiki?" Miaka yote namtania, naye ananicheka usoni na viatu vyake. Ilinichoma, unajua mguu uliokufa ganzi unavyochoma ukianza kuamka. Kisha nikakumbuka kwamba siku ile nilimwona kupitia dirisha la nyumba akiinama garini. Moyo wake unamwacha mkono, na bado alikumbuka wezi wa magari. Nikaanza kucheka. Bi Maua akatoka na msala mkononi, akanikuta nacheka peke yangu ndani ya gari linalonguruma, huku uso wote umelowa. Alidhani nimerukwa na akili.

Damas alisikia mlio, akaja mbio mpaka ukutani.

"Ilikuwa nini, mama?"

Nikamjibu kwamba kuna waya ulikuwa umelegea. Bi Maua naye nimemwambia hivyo hivyo, akashukuru Mungu na kudai ni bismillahi zake. Nimekuandikia wewe tu kwa kuwa ni damu yake. Ukimaliza kusoma, ichane barua hii. Nilimwambia Damas kwamba Sadiki hakuwa na siri na mimi, na sasa ni kweli.

Eda yangu inaisha Jumanne. Jumatano asubuhi tunakwenda Igalula, inshallah. Bi Maua atapanda nyuma, mbele anasema anaogopa. Kiti nimekivuta, maana bila hivyo sifiki kwenye pedali. Nilikikalia muda mrefu kama alivyokiacha, kabla sijakivuta.

Picha ya kaburi utaipata kwa simu. Nitakupigia mwenyewe nikiwa palepale, na safari hii ukiniuliza najisikiaje nitakuwa na la kukuambia.

Msalimie sana Saidi, na wabusu watoto mmoja mmoja kwa niaba yangu. Bi Maua anakusalimu, anakukumbusha kusoma Yasini kila Alhamisi. Najiat anakusalimu pia. Mola akutunze ugenini, akurudishe kwetu ukiwa na afya, na amlaze kaka yako mahali pasipohitaji kufuli wala swichi.

Wifi yako akupendaye daima,
Siwema