Uso wa Mama Kulwa Kwenye Kamera ya Geti

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Mawingu yametanda upande wa ziwa tangu asubuhi na hayanyeshi, joto limebana, na mimi nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, simu mkononi, kama mtu mwenye shughuli. Sina shughuli. Nimerudishwa nyumbani mapema eti nikapumzike. Sijawahi kupumzishwa na bosi nikamwamini.

Wacha niandike kabla sijapasuka.

Kwa msionijua, kazi yangu ni kukaa mbele ya skrini kwenye kiwanda cha kuchenjua dhahabu, nje kidogo ya Buseresere. Tuna yale matangi makubwa ambamo kaboni inanyonya dhahabu kutoka kwenye tope. Punje za kaboni hiyo ni nyeusi kama mkaa uliopondwa, na mtu anaweza kutoka nazo ndani ya soksi. Zinapotea. Hilo sibishi. Ndiyo maana mabosi wakaleta kamera mpya ya getini pamoja na programu yake.

Programu yenyewe haina habari na mikono yako. Inatazama uso. Ukitoka zamu unasimama kwenye alama, mlinzi anakuuliza kama umebeba kitu, unajibu, unaondoka. Hapo kamera imeshachukua vitu ambavyo macho yetu hayawahi: pembe ya mdomo imevutika, nyusi zimepanda na kushuka kabla hata hujapepesa. Kwenye skrini yangu uso wako unazungushiwa fremu. Ikiwa ya kijani, pita. Ikiwa ya njano, kuna jambo. Fundi aliyekuja kuifunga alituambia kwamba uso husema kabla mwenyewe hajauzuia, na sote tukatikisa vichwa kama tuko kanisani.

Mimi sikuipenda tangu siku hiyo. Nilimuuliza fundi imejifunzia nyuso za akina nani. Akasema za watu wengi. Watu wengi wa wapi? Akatabasamu. Hata hilo tabasamu lake sikulipenda.

Lakini kitu usichokipenda kinakuingia vilevile. Nikaanza kusoma watu. Mama anayeniuzia maandazi nikamwona anabana pua kidogo aliposema ni ya leo. Mume wangu akausifia ugali wangu wa udaga, ule wa muhogo, nikaona kope lake la kushoto limecheza. Nikamkazia macho mpaka akauliza, "We mwanamke, umeona nini usoni kwangu?" Nikamwambia hakuna kitu. Hakuniamini, na wala simlaumu.

Sasa Mama Kulwa.

Mama Kulwa ndiye anayepiga deki chumba cha dhahabu. Ni mtu mzima, Msukuma mwenzangu, mwenye salamu ndefu. Hawezi kukupita bila kukuuliza hali za watu wote wa nyumbani. Mumewe alishafariki. Kulwa ameolewa, na Doto, pacha wake, yuko chuo kwa mshahara wa deki hiyohiyo.

Tangu programu ije alikuwa kijani tu. Halafu ghafla njano. Tena si kila siku. Siku nyingine anapita safi, siku nyingine akiulizwa tu anainamisha uso, midomo inabanwa, shingo inageuka kidogo kuelekea ukutani. Meneja akaniambia niirudishe video polepole. Tukaitazama tena na tena. Meneja wetu ni mtu wa Pwani, mpole, hapandishi sauti. Akasema, "Unaona? Huyu ana kitu."

Na mimi niliona. Hapo ndipo ninapojichukia. Niliuona ule mdomo nikasema moyoni, kumbe. Nikakumbuka ana kitenge kipya. Nikakumbuka siku hizi getini hana hata salamu, yeye mwenye salamu zote zile. Ukishaanza kumshuku mtu, hata akikohoa unatafuta maana.

Walimpekua, hawakumkuta na kitu. Meneja akasema wajanja hawakutwi hivihivi. Jumatatu angeachishwa kazi.

Jana mchana nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha skrini. Nikazifungua tena zile video zake, safari hii nikaacha kumtazama yeye. Nikatazama nani kasimama mbele yake. Siku za kijani ni mlinzi huyu au yule. Siku za njano ni mlinzi mmoja tu, Masalu.

Nilicheka mwenyewe kwa sauti. Masalu ndiye aliyemwoa Kulwa, mwaka huu baada ya mavuno. Nilikuwepo kwenye harusi yao, nimekula na kusaza. Masalu ni mkwe wake.

Kwa asiye wa kwetu nieleze: mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anapisha kabisa pembeni. Hawapeani mikono, hawakai kula pamoja. Kwa Msukuma wa umri wa Mama Kulwa, kuvunja hilo ni aibu ya kukunyima usingizi. Halafu mkwe huyohuyo anasimama mbele yake na kirungu, anamuuliza kama amebeba kitu cha watu. Ulitaka uso wake ufanye nini? Hata Masalu mwenyewe, ukimwangalia vizuri, anauliza huku anatazama viatu vyake. Ila yeye hazungushiwi fremu, maana kamera haijaelekezwa kwa walinzi.

Nilitakiwa kuliona mara moja. Mayu wangu mwenyewe, yaani mama yangu, mume wangu akifika kwake, anatoka kwa mlango wa jikoni. Nimekulia humohumo, na bado nilihitaji kuirudisha video.

Asubuhi ya leo nikaenda kwa Meneja na kiherehere changu chote. Nikamweleza mambo ya ukwe, nikamwonyesha video zenye Masalu na zisizo na Masalu, moja baada ya nyingine. Nilieleza vizuri, jamani. Nilikuwa najisikia kama wakili.

Meneja akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa upole wake uleule, "Kwa hiyo anayesafisha chumba cha dhahabu na anayelinda geti ni familia moja?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na mlikuwa mnajua, na hakuna aliyesema?"

Nikajitetea. Nikamwambia, bosi, hawa hata kutazamana hawawezi, watapanga wizi saa ngapi? Akasema ndiyo kinga nzuri zaidi, nani atawashuku watu wasiotazamana. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema. Nikaona kila nitakalosema linazidi kuwafunga.

Kabla ya chai walikuwa wameshaambiwa warudishe sare, Mama Kulwa na Masalu wote. Niliwaona kwenye skrini. Masalu alitangulia bila kugeuka. Mama Kulwa alisubiri mpaka mkwe wake amefika mbali, kama inavyotakiwa, ndipo naye akaja getini. Akasimama kwenye alama kwa mazoea, wakati hakuna aliyemwambia asimame. Zamu ilikuwa ya mlinzi mwingine. Akainua uso akatazama moja kwa moja kwenye kamera.

Kijani.

Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ametulia," akasema. "Hana tena cha kuficha." Nikageuka nimjibu, nikakuta hatazami skrini, ananitazama mimi. Ndipo akaniambia nimechoka, niende nyumbani nikapumzike.

Nilitaka kuokoa kazi moja, nimewapotezea watu wawili. Doto atarudi nyumbani. Kulwa hajamaliza hata mwaka kwenye ndoa, na mumewe hana kazi kwa sababu ya mdomo wangu. Nilisema ukweli mtupu, na ukweli huo ndio uliotumika kuwafukuza. Nina hasira, na sijui niimalizie kwa nani.

Na liko swali ambalo sikutaka kuliandika hapa. Kaboni imepotea kweli. Nani ameichukua? Namjua Mama Kulwa, nakataa katakata. Nikimaliza kukataa namkumbuka alivyosubiri mkwe wake afike mbali, naanza kujiuliza kama ilikuwa heshima au walikuwa wamepanga. Mimi, Msukuma, najiuliza swali la Meneja.

Kesho nikitoka ibadani naenda kwake. Nitamwambia ni mimi niliyesema, wala sitapamba. Akinifukuza, sawa. Akinikaribisha na kuniambia hakuchukua kitu, nataka nimwamini. Naogopa tu kwamba wakati ananiambia hivyo, mimi nitakuwa nautazama mdomo wake.